Wenye Barafu Wametusoma, Nasi Je?

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Mpenzi msomaji, kabla hujanicheka nakuomba usome hadi mwisho, kisha ucheke ukipenda. Mimi nataka kusomea nchi za barafu. Nataka kusomea Aktiki, yaani pande zile za Ncha ya Kaskazini ambako bahari huganda mpaka mtu akapita juu yake kwa miguu, na jua la mwezi wa Juni halitui. Nimeyasema haya darasani na nimeyasema nyumbani. Darasani niliitwa Mzungu wa Barafu muhula mzima. Nyumbani, ami yangu, ambaye ni mvuvi na hana mzaha mwingi, aliniuliza, "Mwanangu, huko kwenda kusoma barafu kutatuletea nini hapa Kipini? Barafu si ile tuwekeayo samaki?"

Swali la ami ni zuri, wallahi, na makala haya ndiyo jawabu langu. Nayaandika pia kwa ajili ya ndugu zetu wa Kidato cha Pili, ambao muhula huu wanachagua masomo. Tulipochagua sisi, Jiografia ilipata watu kumi na mmoja tu. Kumi na mmoja! Timu ya mpira bila hata mtu wa akiba. Wengine waliikimbia kwa kuambiwa kwamba ati haina kazi, ni somo la kuchora mito. Fununu ziliopo ni kwamba wakipungua tena, somo litatolewa katika ratiba. Sasa hebu tuone kama kweli haina kazi.

Tuanze na ramani, maana wengi hudhani Aktiki iko dunia nyingine. Chukueni atlasi iliyo maktabani, ile iliyopoteza jalada, muitafute Kipini. Tuko kwenye longitudo ya nyuzi 40 na nusu hivi, mashariki. Wekeni kidole hapo mpande nacho moja kwa moja kuelekea kaskazini. Mtapita Uhabeshi, mtavuka Bahari ya Shamu, mtapita kando ya Makka, mtapita Syria na Uturuki, mtavuka Bahari Nyeusi na kuingia Urusi. Endeleeni tu. Karibu na mwisho wa Urusi, kabla hamjatumbukia katika Bahari Nyeupe, mtakuta mji uitwao Arkhangelsk. Mji huo uko kwenye mstari wetu huu huu! Hata saa yao ni saa yetu: huku ikigonga saa nne za asubuhi, kule nako ni saa nne. Na mji huo una chuo kikuu, kilichopewa sura yake ya sasa mwaka 2010, ambacho jina lake lenyewe lina maneno Kaskazini na Aktiki.

Sisi Waislamu wa Kipini kibla chetu ni kaskazini karibu sawasawa. Ndiyo maana wazee wa pwani wakitaja kibla mara nyingine huwa wanakusudia kaskazini tu, upande wa dira. Basi mara tano kila siku tunaelekea huko. Tunaielekea Makka, si barafu, msinielewe vibaya; lakini mstari wenyewe hauishii Makka.

Sasa nakuja kwa ndege, na hapa naomba mnivumilie kwa kuwa ndipo penye uhondo.

Maji yakipwa, pale Ozi unapomwaga bahari, utawaona ndege wadogo wa miguu myembamba wakikimbia ukingoni mwa maji kama watoto waliotoroka chuoni. Hudonoa mchanga, hukimbia, hudonoa tena. Baadhi yetu huwaita vitwitwi, na wengine hawawaiti chochote maana hawaliwi. Mwezi wa Juni ni wachache sana. Ifikapo Septemba wamejaa, na kaskazi ikivuma huwa wengi zaidi. Kisha mwezi wa Aprili na Mei, wakati kusi inaanza, huondoka. Huenda wapi? Wengi wao huenda Siberia, kwenye nyika za Aktiki zisizo na mti hata mmoja. Huko hutaga mayai chini ardhini mwezi wa Juni, theluji inapoyeyuka na wadudu wanapotoka kwa wingi, maana makinda yao hula wadudu hao. Baada ya wiki chache tu safari ya kurudi huanza. Ndege anayelingana na ngumi ya mtoto anafanya safari hiyo bila pasi wala viza, kila mwaka, naye anatuletea miguu yenye matope ya Aktiki hapa hapa Kipini, na sisi tunasema Aktiki haituhusu!

Serikali yetu yenyewe imekiri kwamba ndege hawa na maji yao ni mali. Mwaka 2012 delta ya Mto Tana, hekta 163,600, iliingizwa katika orodha ya Ramsar, yaani ardhi oevu zenye maana kwa dunia nzima. Lakini ardhi oevu hii ni nusu ya nyumba yao. Nusu ya pili iko kaskazini, na huko mambo yameharibika.

Nitatoa mfano mmoja. Mwaka 2016 watafiti walichapisha katika jarida la Science habari za ndege wa jamii hiyo hiyo ya vitwitwi, ambao huzaana katika rasi ya Taimyr huko Siberia na kukaa miezi ya baridi katika pwani ya Mauritania, Afrika Magharibi. Walitazama picha za setilaiti za zaidi ya miaka 30 wakaona kwamba theluji ya Taimyr inayeyuka mapema zaidi, kama nusu siku kila mwaka. Nusu siku ni kitu gani? Jumlisha miaka 30 uone: ni zaidi ya wiki mbili. Wadudu hutoka mapema, makinda huanguliwa wakati chakula kimeshapita, na hukua wakiwa wadogo, na midomo yao mifupi. Wakifika Afrika, makombe wanayotakiwa kula yamejizika ndani ya mchanga, na mdomo mfupi hauyafikii. Basi hula mizizi ya majani ya baharini, na wengi hufa mwaka wao wa kwanza. Yaani ugonjwa umeanzia Aktiki na msiba umekuwa Afrika. Aliyekaa Taimyr peke yake asingejua, na aliyekaa Mauritania peke yake asingejua. Ilibidi watu wa pande zote mbili wajuane.

Nani anawapima wa kwetu? Nani hapa Kipini ajuaye kama midomo ya vitwitwi wetu imepungua? Pengine kazi hiyo ndiyo inayomngoja mmoja wetu, na yeye amekimbilia somo jingine kwa kuwa Jiografia na Bayolojia "hazina kazi".

Tuache ndege, tuje kwenye bahari, maana bahari haitungoji. Kila mtu hapa amemsikia mzee akionyesha kwa kidole: pale palikuwa na nyumba, pale palikuwa na minazi, na unapotazama ni maji matupu. Huko Ozi na Kilelengwani wakulima wanalia na chumvi inayopanda mtoni na kuua mpunga na miembe. Sisemi kwamba yote haya ni kosa la barafu. Huo utakuwa uongo. Mto nao umefungwa huko juu. Bwawa la Masinga lilimalizika 1981, la Kiambere 1988, na mto uliofungwa hauleti mchanga kama ule wa zamani wala hauna nguvu ya kuisukuma chumvi irudi baharini. Lakini bahari nayo inapanda, na moja katika sababu zake kubwa ni Greenland, kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani, kilichofunikwa na barafu ambayo kama ingeyeyuka yote ingeinua bahari za dunia kwa mita 7 hivi. Haitayeyuka yote leo wala kesho, lakini inapungua.

Na hapa kuna jambo ambalo nilipolisoma mara ya kwanza nilidhani nimekosea kusoma. Barafu ya Greenland ni nzito kiasi kwamba inaivuta bahari iliyo karibu nayo, kama vile mwezi unavyoyavuta maji ya bamvua. Barafu ikipungua, mvuto nao unapungua, na maji yaliyokuwa yameng'ang'ania kule yanaachiwa, yanaondoka. Kwa hiyo pwani zilizo karibu na Greenland maji yake yanaweza hata kushuka, na sisi tulio mbali, huku kwenye ikweta, tunapata zaidi ya fungu letu. Je, mmeiona dhuluma hiyo? Kule Finland, mahali paitwapo Kvarken, nchi yenyewe inainuka kutoka baharini kiasi cha milimita 8 hivi kwa mwaka, kwa kuwa zamani ilikandamizwa na barafu nzito na sasa inapumua. Watu wa huko wanaona visiwa vipya vikizaliwa. Wao wanapewa ardhi, sisi tunanyang'anywa, na sababu za pande zote mbili ni barafu ile ile. Ami, ukisoma makala haya, hilo ndilo jawabu lako la kwanza.

La pili ni hili. Wao wa kaskazini wametusoma sisi muda mrefu, tena vizuri. James Kirkman alichimba magofu ya Ungwana, hapa hapa jirani, na kitabu chake kikatoka 1966. Mashairi yanayosemekana ni ya Fumo Liyongo, ambaye wazee husema kaburi lake liko hapa kwetu, yalikusanywa na kuchapishwa Ujerumani mwaka 2004. Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alijenga katika kompyuta hazina kubwa ya maandishi ya Kiswahili. Lakini anayenishangaza zaidi ni Profesa Derek Nurse. Mwaka 1993 yeye na mwenzake Thomas Hinnebusch walitoa kitabu kikubwa juu ya historia ya Kiswahili na ndugu zake, Kipokomo, Kimijikenda, Kingazija na wengineo. Na Profesa Nurse alikuwa akifundisha wapi? Newfoundland, huko Kanada, kisiwa ambacho majira ya kuchipua vilima vya barafu kutoka Greenland hupita baharini mbele ya milango ya watu! Mtu alikuwa akitazama barafu dirishani na kuandika jinsi bibi wa Kipokomo anavyotamka sauti zake.

Sisemi haya kwa kulalamika. Waliofanya hivyo wametusaidia, na bila wao mengi yangepotea. Mkenya mwenzetu, Dakta George Abungu, naye aliitafiti delta hii na kumalizia tasnifu yake Cambridge mwaka 1989, kwa hiyo mlango umeshafunguliwa. Ninalouliza ni kwa nini elimu isafiri upande mmoja tu kama ndege aliyevunjika bawa. Wao wanajua Kipokomo. Sisi nani anajua Kisami?

Wasami ni wenyeji wa kaskazini ya Norway, Sweden, Finland na kipande cha Urusi. Baadhi yao ni wafugaji. Hufuga kulungu wa barafuni na kuhama nao kutafuta malisho, kama Waorma wanavyohama na ng'ombe baina ya bara na delta. Na matatizo yao mtayatambua mara moja. Huko Fosen, Norway, mitambo mikubwa ya umeme wa upepo ilijengwa juu ya malisho yao. Walikwenda mahakamani, na Oktoba 2021 Mahakama ya Juu ya Norway ikasema leseni za mitambo ile zimevunja haki zao. Sisi hapa tunajua ugomvi wa malisho, maji na mashamba unavyoweza kufika. Mwaka 2012 zaidi ya watu mia moja waliuawa katika delta hii, Wapokomo kwa Waorma, na madarasani mwetu tunakaa dawati moja watoto wa pande zote mbili. Mwanafunzi wa Kiorma au Kipokomo atakayekwenda kusomea sheria za ardhi za Wasami hatakuwa amekwenda kutalii. Hatarudi na dawa iliyo tayari, maana Norway si Tana River, lakini atarudi na maswali ambayo hakimu na chifu wetu hawajawahi kuulizwa.

Najua mtaniuliza, kusoma huko wapi na kwa pesa gani? Vyuo viko. Tromsø, kaskazini ya Norway, kuna chuo kikuu kilichoanzishwa 1968. Rovaniemi, Finland, karibu kabisa na Duara la Aktiki, kuna Chuo Kikuu cha Lapland chenye kituo maalumu cha mambo ya Aktiki. Kuna Fairbanks huko Alaska. Katika visiwa vya Svalbard, nyuzi 78 kaskazini, kuna kituo cha elimu ya juu tangu 1993, na mwanafunzi akitoka kwenda kwenye utafiti hufundishwa kwanza kujihadhari na dubu. Arkhangelsk niliyoitaja mwanzo ni ngumu siku hizi, kwa kuwa vita vilivyoanza 2022 vimekata sehemu kubwa ya ushirikiano baina ya Urusi na wenzake wa Aktiki. Na pesa ni taabu kweli: tangu 2023 Norway inawatoza ada wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya, hali zamani vyuo vyake vya serikali vilikuwa bure. Kwa hiyo njia ya mtoto wa mvuvi ni kusoma shahada ya kwanza hapa nyumbani, Kilifi katika Chuo Kikuu cha Pwani au kwingineko, apasi vizuri, kisha atafute ufadhili wa shahada ya pili. Ni njia ndefu, lakini ipo.

Wengine watasema barafu ni ya wenye barafu. India ina barafu milimani kwake, lakini haina pwani ya Aktiki, na tangu 2008 ina kituo chake cha utafiti huko Svalbard. Singapore iko karibu na ikweta kama sisi, joto lake ni kama letu, na tangu 2013 ni mtazamaji katika Baraza la Aktiki. Wao waliona kwamba bahari ni moja. Katika nchi zote zilizopewa kiti hicho cha mtazamaji hakuna hata moja ya Afrika. Afrika Kusini wanafanya utafiti wa barafu, lakini wao wameelekea kusini, Antaktika, ambako wana kituo chao.

Na baridi je? Philip Boit, Mkenya wa Eldoret, alikwenda Finland kujifunza kuteleza kwenye theluji, na 1998 akashindana Nagano, Japani, katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi. Alikuwa wa mwisho, ndiyo. Lakini bingwa mwenyewe, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja pale mwisho wa mbio ili amkumbatie. Na zamani kuliko Boit kuna Tété-Michel Kpomassie wa Togo. Alianguka kutoka juu ya mnazi baada ya kukutana na chatu huko juu, na alipokuwa akiuguza maumivu yake, kijana wa umri wetu huu, akapata kitabu juu ya watu wa Greenland. Alitoroka kwao, akafanya vibarua nchi baada ya nchi kwa miaka minane hivi, na mwaka 1965 akafika Greenland. Akaishi na wenyeji, akala walichokula, na 1981 akatoa kitabu chake kwa Kifaransa. Hakuwa na shahada yoyote. Minazi tunayo, na chatu pia hawakosi. Kilichobaki ni kitabu maktabani.

Kitabu hicho kitakuwa kwa lugha gani, hilo ni suala la chama chetu. Kiswahili kina theluji na barafu, na maneno yote mawili yalikuja na jahazi, moja kutoka Uarabuni na jingine kutoka Uajemi. Lakini barafu ya baharini tutaiitaje ili isichanganywe na ile ya mlimani? Kipande kikubwa kinachoelea tukiite kilima au kisiwa? Mto wa barafu ulio juu ya Mlima Kenya, mlima ambao mito yake huulisha Tana yetu hii, nao unayeyuka, na wengi wetu hatuna hata neno moja la kuuaga. Chama kinaweza kuanza orodha ya maneno hayo katika jarida lijalo. Nitaleta kumi ya kwanza.

Kwa walimu wetu nina ombi moja: msiitoe Jiografia katika ratiba kabla hamjatuona tunafanya nini nayo. Sisi kumi na mmoja tumekubaliana kuanza kuwahesabu vitwitwi mlangoni mwa Ozi, mara moja kila mwezi, na kupiga kigingi ufukweni ili tupime kwa hatua maji ya bamvua yamefika wapi. Kigingi nimekwisha kukichonga, cha mwarobaini. Tutaanza Jumamosi ya bamvua ya mwezi wa Oktoba, asubuhi, mara tu maji yakishapwa, na Kidato cha Pili wanakaribishwa. Mwenye darubini, hata mbovu ya jicho moja, aje nayo.